Mtoto wa Pwani Anapokaribia Miaka Miwili: Lugha, Tabia na Kipimo

1. Utangulizi

Mama wa Malindi au Kilifi akiulizwa kama mwanawe wa miezi 22 ameanza kusema, mara nyingi hujibu kwa mambo mawili pamoja: kwamba mtoto asema, lakini ni mtukutu, au kwamba bado hajasema sana, kwa kuwa ni mwenye haya. Katika fikira za mama huyo lugha ya mtoto na tabia ya mtoto si vitu viwili vya kutengwa. Mtaalamu wa isimu huchukua nusu ya kwanza ya jibu na kuiacha ya pili, na mtaalamu wa saikolojia hufanya kinyume chake. Hivyo kila mmoja hupoteza kitu.

Makala haya yanakusudia kueleza hali ya mtoto wa mwambao huo anapoukaribia mwaka wake wa pili: namna anavyoumba maneno, namna anavyovunja na kuunda vitenzi, na namna watu wazima wanavyoitaja tabia yake. Yanakusudia pia kuonyesha hatari iliyopo pale ambapo mtoto huyo anapimwa kwa kipimo kisichojua lugha yake. Hatari hiyo ina pande mbili. Mtoto mzima huweza kuandikwa kuwa amechelewa, na mtoto aliyechelewa kweli huweza kuachwa kwa kusemwa kuwa atasema tu wakati wake utakapofika.

2. Umri na alama zake

Kabla ya vyeti vya kuzaliwa na kadi za zahanati, umri wa mtoto mdogo ulihesabiwa kwa alama za mwilini na za matendo. Kiswahili kina msamiati kamili wa alama hizo. Mtoto hukaa kitako, husota au hutambaa, kisha husimama dede, yaani husimama peke yake miguu ikitetemeka, halafu huenda tatatata. Maneno dede na tata yanastahili kuangaliwa na mwanaisimu. Yote mawili yana silabi inayorudiwa, na silabi hiyo ni ya konsonanti moja na irabu moja, kama ilivyo katika mama, baba, dada, kaka na bibi. Mtu mzima anapolitaja tendo la mtoto, hulitaja kwa umbo ambalo mtoto mwenyewe aweza kulitamka.

Alama kubwa ya mwaka wa pili ni kulikizwa, yaani kuachishwa ziwa. Katika nyumba za Waislamu wa mwambao alama hiyo ina nguvu ya pekee, kwa kuwa Kurani katika sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza. Hivyo miaka miwili si tarehe ya sherehe tu. Ni mpaka unaobadili maisha ya mtoto: aliyekuwa mikononi mwa mama usiku na mchana huanza kulala na bibi au na ndugu zake, na huanza kula pamoja na wenziwe. Watu wa nyumbani hawashangai wakiona kwamba mtoto wa umri huo huongeza kilio na maneno kwa wakati mmoja. Ana mengi ya kudai, na njia ya zamani ya kudai imefungwa.

Yapo pia mafunzo kutoka sehemu nyingine za Kenya. Mwaka 1976 Charles Super alieleza habari za watoto wa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, waliokaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, lakini hawakutangulia katika kutambaa. Sababu haikuwa damu. Wazazi wa Kokwet waliwafundisha watoto wao kukaa na kutembea kwa makusudi, nao hawakuona haja ya kufundisha kutambaa. Somo hilo linahusu lugha pia: makuzi hutangulia pale yanapozoezwa, na mwenye kupima hana budi kujua kwanza ni kitu gani kinachozoezwa katika nyumba ya mtoto.

3. Umbo la neno na viambishi vya ngeli

Neno la kwanza la mtoto asemaye Kiswahili mara nyingi huwa na silabi mbili. Hili lina msingi katika lugha yenyewe, kwa sababu mkazo wa Kiswahili huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi hiyo na ile inayoifuata ndizo zinazosikika zaidi, na ndizo mtoto anazozishika. Basi kitabu huwa tabu, kiatu huwa atu, na mkate huwa kate. Kiambishi cha ngeli kiko mbele ya mkazo, nacho huanguka.

Uchunguzi ulioanzwa na Katherine Demuth huko Lesotho katika miaka ya 1980 juu ya watoto wasemao Kisotho unaeleza vizuri jambo hili, maana Kisotho na Kiswahili ni ndugu katika mpango wa ngeli. Ilionekana kwamba watoto wadogo huacha viambishi vya nomino, kisha huweka irabu hafifu mahali pa kiambishi, na mwishowe hukitamka kamili. Ilionekana pia kwamba kiambishi hubaki zaidi pale shina la nomino lina silabi moja tu. Kwa mfano wa Kiswahili, mtoto huweza kuacha ki- katika kitabu, lakini katika maji, mtu na mti kiambishi kina nafasi kubwa ya kubaki, kwa sababu kikiondolewa neno litapungukiwa na silabi mbili ambazo sikio la mtoto linazitaka.

La muhimu zaidi ni kwamba kuacha kiambishi si kutoijua ngeli. Katika Kisotho upatanisho katika vimilikishi na vioneshi huonekana hata pale nomino yenyewe haina kiambishi. Ikiwa mtoto wa Malindi atasema «tabu changu», tamko hilo lina nusu ya nomino tu, lakini ch- ya kimilikishi inaonyesha kwamba ngeli imekwisha kukaa kichwani. Mwenye kupima anayehesabu makosa katika nomino peke yake ataliandika tamko hilo kuwa kosa. Mwenye kutazama upatanisho ataliandika kuwa ushahidi wa ujuzi.

Hapa inafaa kuingiza swala la lahaja. Katika Kimvita na lahaja za kaskazini macho ni mato, njoo ni ndoo, na njia ni ndia. Mtoto wa nyumba isemayo hivyo akisema «mato», hana kitembe wala ulimi mzito; amesema sawasawa na mama yake. Mpimaji aliyetoka bara akiwa na Kiswahili sanifu peke yake huweza kulihesabu neno hilo kuwa tamko la kitoto. Hali huzidi kuwa ngumu katika nyumba za Wagiriama, ambako muhoho, yaani mtoto, husikia madzi kwa bibi na maji dukani. Maneno hayo mawili ni ushahidi kwamba mtoto anajua jina moja la kitu katika kila lugha, na hesabu ya haki ni ile inayozitazama lugha zote mbili pamoja. Akipimwa kwa Kiswahili tu, mtoto huyo huonekana maskini wa maneno, hali ana maghala mawili.

4. Kitenzi, na neno «sitaki»

Kitenzi cha Kiswahili ni sentensi nzima. Mtoto anayesema «nipe» ametaja mpokeaji, tendo na amri kwa neno moja. Kwa hiyo kanuni inayotumika sana Ulaya na Marekani, ya kuuliza kama mtoto ameanza kuunganisha maneno mawili, haina budi kutumiwa kwa uangalifu mwambaoni. «Kimeanguka» ni neno moja katika maandishi, lakini ndani yake mna mtenda, hali ya tendo, na tendo.

Kazi inayojulikana zaidi juu ya mambo haya ni ya Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wanne wasemao Kiswahili mjini Nairobi na kuchapisha kitabu mwaka 2005. Alionyesha kwamba watoto hao huacha kiambishi cha nafsi, au cha wakati, au vyote viwili, wakabaki na shina pamoja na irabu yake ya mwisho. Kiambishi cha mtendwa, kwa upande wake, walikiweka mapema pale sarufi inapokidai. Alionyesha pia kwamba watu wazima wa Nairobi wenyewe huacha kiambishi cha nafsi katika mazungumzo. Kwa hiyo sehemu ya upungufu wa mtoto ni uaminifu wake kwa yale anayoyasikia.

Matokeo hayo hayawezi kuhamishwa hadi Malindi bila kuchujwa. Mfano wa kitenzi -lala unatosha. Mtoto akisema «nalala», kwa kipimo cha Nairobi huenda akaandikwa kuwa ameacha a- ya «analala». Lakini mwambaoni «nalala» ni tamko kamili la mtu mzima anayejisemea mwenyewe. Akisema «alala», huenda akaandikwa kuwa ameacha -na- ya wakati, hali «alala» ni umbo kamili lenye wakati wa -a-. Na mtoto wa nyumba ya Kimvita husikia «yuwalala», umbo ambalo halimo kabisa katika orodha ya Kiswahili sanifu. Katika kila mfano haitoshi kuliandika neno. Lazima ijulikane nani alikuwa amelala wakati mtoto aliposema.

Neno linalowachosha wazazi wa watoto wa umri huu ni «sitaki». Kwa mwanaisimu neno hilo lina swali la pekee. Umbo lake lina kiambishi si-, ambacho ni nafsi na ukanushi kwa pamoja, tena lina irabu -i ya mwisho badala ya -a. Je, mtoto amelijenga, au amelipokea zima kama anavyopokea jina la paka? Jibu hupatikana kwa kusikiliza maneno mengine. Ikiwa «sitaki» liko peke yake, huenda likawa neno zima lisilogawanyika. Ikiwa mtoto pia husema «sili», «silali» na «siendi», basi ukanushi umekuwa mali yake, na aweza kuutia katika kitenzi chochote apendacho. Siku hiyo wazazi husema mtoto ameota ukaidi. Mwanaisimu angesema ameota sarufi. Wote wawili wamesema kweli, kwa sababu nafsi inayoweza kukataa na umbo linaloikataza ni mambo yanayokua pamoja.

5. Tabia katika vitenzi

Lugha ya mwambao haimwiti mtoto mbaya kwa haraka. Ina daraja za maneno. Mtundu ni yule anayefungua, anayechungulia na kumwaga ili aone kitatokea nini. Mtukutu ni yule asiyetulia mahali pamoja. Mkaidi ni anayeambiwa akakataa. Jeuri ni neno zito zaidi, maana lina kusudi la kumvunjia mtu heshima, na kwa kawaida haliwekwi juu ya mtoto asiyetimiza miaka miwili. Mpangilio huo una nadharia ndani yake: utundu na utukutu ni vya umri, ukaidi waanza kuwa wa nafsi, na ujeuri ni wa mwenye akili ya kujua thamani ya mwingine.

Vitenzi ni tajiri zaidi. Kununa ni kukunja uso na kunyamaza kwa hasira. Kususa ni kujitoa katika jambo kwa sababu ya kuudhika, na mtoto huweza kususia chakula hata kama ana njaa. Kudeka ni kujilegeza na kujiliza mbele ya mtu unayejua kwamba anakupenda. Mtoto hadeki mbele ya mgeni. Anapoanza kudeka kwa bibi na kutodeka kwa mjomba, amekwisha kuwagawa watu kwa kadiri ya huruma zao, na hilo ni jambo kubwa katika makuzi ya akili.

Mnyambuliko wa vitenzi hivi unaonyesha namna malezi yanavyofahamika. Mtoto hudeka, mzazi humdekeza. Mtoto hulia, mwingine humliza. Mtoto hunyonya, mama humnyonyesha; mtoto huzoea, wakubwa humzoeza; mtoto hukua, nao humkuza. Karibu kila tendo la mtoto lina mwenzake wa kusababisha, na msababishaji ni mtu mzima. Kwa sarufi hii tabia haimo ndani ya mtoto peke yake wala haitiwi yote na mlezi. Imo baina yao. Methali nazo zinavuta pande zote mbili. Moja yasema udongo uwahi uli maji, na nyingine yasema mtoto akililia wembe mpe. Ya kwanza yampa mlezi kazi ya mfinyanzi. Ya pili yakubali kwamba yapo mambo ambayo mtoto hafinyangiki, bali hujifunza kwa kukatwa.

6. Kusemeshwa, kutumwa na haya

Mtoto wa mwambao hafundishwi maneno kwa kuonyeshwa picha tu. Sehemu kubwa ya mafunzo ni kusemeshwa. Mgeni akiingia, mtoto huambiwa: «Sema shikamoo.» Akipewa kitu, huambiwa: «Sema ahsante.» Desturi ya kumtilia mtoto maneno kinywani imeelezwa na Demuth miongoni mwa Wasotho na na Bambi Schieffelin miongoni mwa Wakaluli wa Papua New Guinea. Mafunzo hayo humpa mtoto maneno yaliyo na mahali pake na mtu wake. Mtoto hajui tu neno shikamoo. Ajua pia kwamba haliendi kwa mtoto mwenziwe.

Jambo la pili ni kutumwa. Mtoto wa miezi 20 na ushei huambiwa apeleke kikombe kwa nyanya, alete kiatu, amwite dada. Maagizo hayo ni mtihani wa kila siku wa ufahamu wa lugha, na mtoto anayeyatimiza husemwa kwamba ana akili. Mtoto anayeelewa maagizo mengi huku akisema machache si sawa na mtoto asiyeelewa, na tofauti hiyo wazazi huijua bila ya kufundishwa.

La tatu ni haya. Mwaka 2011 Tanya Broesch na wenzake walichapisha habari za jaribio la kioo, ambamo mtoto hutiwa alama usoni kwa siri na kutazamwa kama ataigusa akijiona. Watoto wa Kenya walioshirikishwa, hata waliopita umri wa miaka miwili, ni wachache mno walioigusa alama. Wengi walisimama tu wakijitazama. Haiwezi kusemwa kwamba watoto hao hawakujijua. Mtoto aliyelelewa kutofanya lolote mbele ya mgeni mpaka aambiwe, atasimama kimya mbele ya kioo kama anavyosimama mbele ya mgeni. Jaribio lililokusudiwa kupima nafsi huweza kupima adabu.

7. Kipimo

Kilifi ina nafasi ya pekee katika historia ya vipimo hivi. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianzishwa hapo mwaka 1989, na kazi yake juu ya malaria ilileta swali la makuzi. Mtoto aliyepona malaria kali hutoka hospitali akiwa mzima kwa macho ya watu. Lakini uchunguzi wa Julie Carter na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba baadhi ya watoto wa Kilifi waliougua malaria ya ubongo au degedege kali la malaria walibaki na upungufu katika akili na katika lugha miaka kadhaa baadaye. Upungufu wa namna hiyo hauonekani bila kipimo, na kipimo kilichotungwa kwa mtoto wa London hakiwezi kuuona vizuri.

Kutokana na haja hiyo kilitungwa Kipimo cha Makuzi cha Kilifi, kilichoelezwa na Amina Abubakar na wenzake mwaka 2008, kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Hiki hutazama mwendo wa mwili na ushirikiano wa jicho na mkono kwa vitu ambavyo mtoto wa kijijini amevizoea. Kwa upande wa lugha, Katie Alcock na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, waliigeuza orodha ya maneno ya MacArthur-Bates kwa Kiswahili na Kigiriama. Orodha ya asili hujazwa na mzazi mwenyewe kwa kusoma na kutia alama. Kilifi ilifanywa kuwa mazungumzo, ili mama asiyejua kusoma awe shahidi kamili wa lugha ya mwanawe.

Kugeuza orodha kama hiyo si kutafsiri. Neno la theluji halina kazi Kilifi, na mkeka, kinu, mchi na nazi hayana budi kuwamo. Mbuzi huleta taabu, kwa kuwa ni mnyama uani na pia chombo cha kukunia nazi jikoni. Mama akikubali kwamba mtoto asema «mbuzi», lazima aulizwe ni mbuzi yupi. Vitenzi vinataka kuulizwa kama vinavyotoka kinywani mwa mtoto, si kwa umbo la ku- ambalo kamusi hupenda.

Kanuni inayojulikana, iliyopendekezwa na Leslie Rescorla mwaka 1989 huko Marekani, ni kwamba mtoto wa miezi 24 mwenye maneno pungufu ya 50, au asiyeunganisha maneno mawili, ataangaliwa kwa makini. Idadi hiyo yaweza kutumika kama kengele, si kama hukumu. Mwambaoni kengele hiyo inahitaji maswali ya nyongeza: je, lugha zote za nyumbani zimehesabiwa? Je, vitenzi vyenye viambishi vimetazamwa kama sentensi? Je, mtoto hutumwa akatumika? Je, asikia vizuri? Aliwahi kuugua degedege? Mtoto asiyeelewa maagizo, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, hafai kungojewa. Apelekwe akachunguzwe, hata kama jirani atasema kwamba baba yake naye alichelewa.

8. Hitimisho

Mtoto anayekaribia miaka miwili katika mwambao wa Malindi na Kilifi huacha viambishi kwa sababu mkazo wa lugha unamwongoza hivyo, lakini upatanisho wake huweza kuonyesha kwamba ngeli anazijua. Vitenzi vyake vifupi mara nyingine ni vya kitoto, na mara nyingine ni vya lahaja ya mama yake. Ukaidi wake una sarufi, na haya yake hujibu maswali ambayo mpimaji hakuuliza.

Kazi ya idara za lugha katika jambo hili si ndogo. Daktari hawezi kujua kwamba «alala» ni tamko kamili, na muuguzi aliyefundishwa kwa Kiswahili sanifu hawezi kuamua peke yake kama «mato» ni kitembe. Maelezo ya lahaja ambayo wanaisimu huyaandika kwa ajili ya wenzao yanahitajika mezani pa kliniki. Wasemavyo watu, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Na sehemu ya kulea huko ni kumsikia mwana anavyosema, kwa lugha ile ile anayoisema.